Injini ya Rota Angani: Joto Lipite Wapi?

Mtu akikulalamikia kwamba injini yake ya rota inachemsha, usianze kumuuliza rejeta yake ni kubwa kiasi gani. Muulize hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Ndege za kujijengea zenye injini hizi zimekuwa zikiruka Marekani kwa miongo kadhaa, na lalamiko la joto halijawahi kukoma. Mimi naamini kwamba mara nyingi rejeta husingiziwa. Inakuwepo, inatosha, ila hewa haifikishwi kwake inavyopaswa, au ikishafika haina pa kutokea.

Sheria ya anga ya Marekani inamruhusu mtu kujiundia ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye yeye mwenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege hiyo huandikishwa katika kundi la majaribio, na mwenyewe yuko huru kuifunga injini anayoitaka. Wengi hufunga Lycoming, injini ya pistoni inayopozwa kwa hewa, yenye historia ndefu na bei ya kuumiza. Wachache hufunga 13B ya Mazda, injini ya gari la RX-7: rota mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 1,308, haina vali, haina pistoni, na sehemu zake kuu zinazozunguka ni tatu tu. Ikizungushwa zaidi ya mizunguko 6,000 kwa dakika hutoa nguvu za farasi 180 bila taabu, kisha giaboksi huipunguzia propela ile kasi.

Ukoo wake unaanzia kwa Mjerumani Felix Wankel na kampuni ya NSU, ambako injini ya kwanza ya aina hii iliwaka mwaka 1957. Mazda waliichukua, wakaiweka kwenye Cosmo mwaka 1967, wakaiendeleza hadi RX-8 iliyokoma 2012, na njiani wakashinda nayo mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991. Angani nako ilifika mapema: mwishoni mwa miaka ya 1960 Lockheed waliirusha Q-Star, ndege ya majaribio ya upelelezi isiyopiga kelele, ikiwa na injini ya rota ya Curtiss-Wright. Msomaji asiichanganye injini hii na zile za Gnome za Vita Kuu ya Kwanza, ambazo silinda zenyewe zilizunguka pamoja na propela na hivyo kujipepea. Hii tunayoizungumzia imetulia mahali pake, na bila maji na oili haifiki popote.

Kinachoitofautisha na injini ya pistoni ni mahali joto linapopiga. Ndani ya silinda, ukuta uleule hupokea hewa mbichi, kisha mgandamizo, kisha moto, kisha moshi, kwa zamu. Kila mzunguko unaupa nafasi ya kupumua. Kwenye rota kila tukio lina upande wake wa kudumu. Upande wa plagi hupigwa na moto muda wote injini inapokuwa hai, na upande wa kuvutia hewa hubaki baridi. Tena ganda linalozunguka rota ni la alumini, nalo limebanwa katikati ya sahani za chuma cha kusubu kwa bolti ndefu zinazopita mwisho hadi mwisho. Alumini hutanuka takribani mara mbili ya chuma. Injini ikichemka kweli, ganda huvimba kuliko majirani zake na kuzikandamiza oringi za mpira zinazozuia maji yasiingie kwenye chumba cha moto.

Ubaya ni kwamba madhara hayaonekani siku hiyohiyo. Injini itakurudisha nyumbani, tena kwa nguvu karibu zilezile, kwa kuwa haina pistoni ya kukwama. Hii ndiyo sifa inayowafanya mashabiki wake waipende, na ni sifa ya haki. Kesho asubuhi ndipo inapokataa kuwaka, au inawaka kwa shida ikitoa moshi mweupe, na ukifungua kifuniko cha maji unakuta mapovu: gesi ya moto inapenya kwenye maji, na maji yanapenya kwenye moto. Mwenye ndege anapaswa kulijua hili kabla hajajisifu kwamba jana geji ilifika 120 na hakuna kilichotokea.

Sasa oili, ambayo wajenzi wengi huifikiria mwisho. Maji hupoza ganda na sahani tu. Rota yenyewe hayaigusi. Rota za Mazda hupozwa kwa oili inayorushwa ndani yake kutoka kwenye shafti ya kati. Kwa hiyo katika injini hii oili ni kipoozaji kamili, na kwa makadirio ya kawaida hubeba kama theluthi ya joto lote linalopaswa kuondolewa kwa rejeta. Injini ndogo za rota zimepita njia nyingine: AE50R, inayoinyanyua glaida ya ASH 26 E ya Ujerumani, ina ganda linalopozwa kwa maji na rota inayopozwa kwa hewa inayopitishwa katikati yake. Kwa farasi 50 hilo linawezekana. Kwa farasi 180 oili haikwepeki.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kufunga kipozea oili kilichotengenezewa Lycoming. Katika Lycoming joto kubwa huondoka kupitia mapezi ya silinda, oili inabeba kidogo. Kipozea chake kwenye 13B kitazidiwa ndani ya dakika chache za kupanda. La pili limejificha. Ndani ya shafti ya Mazda kuna kivali kidogo cha nta, ambacho injini ikiwa baridi hupunguza oili inayokwenda kwenye rota ili zipate moto upesi. Barabarani ni wazo zuri. Kikichakaa, rota hunyimwa oili huku geji ya oili ikisoma vizuri kabisa, maana geji hupima oili iliyopo, haipimi ile ambayo haikufika. Mafundi wa magari ya mbio hukitoa na kuweka kipande kizima cha chuma mahali pake, na sioni sababu ya mjenzi wa ndege kufanya vingine.

Tuingie kwenye hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huu unabaki wa vijiweni. Farasi 180 ni kilowati 134. Kuzipata, injini hii hula takribani kilo 40 za petroli kwa saa, na kila kilo ina megajuli 43. Jumla ni kama kilowati 480 za moto. Ondoa 134 zinazokwenda kwenye propela. Sehemu kubwa ya zinazobaki hutoka na ekzosi, na ndiyo maana ekzosi ya rota huwaka nyekundu na kuunguza visailensa. Tuchukue kwamba maji na oili vinaachiwa kilowati 110. Hewa ikiruhusiwa kupata moto kwa nyuzi 40 inapopita kwenye rejeta, utahitaji karibu kilo 2.7 za hewa kila sekunde, yaani mita za ujazo 2.3 hivi ukiwa usawa wa bahari.

Ndege inapanda kwa kilomita 185 kwa saa, sawa na mita 51 kwa sekunde. Gawanya: mdomo wa kuingizia hewa unahitaji sentimita za mraba 450, yaani robo tatu ya karatasi ya A4. Basi. Yule anayepanua matundu mbele ya boneti kila baada ya safari ya majaribio anatibu ugonjwa ambao hana. Hewa ya kutosha inaweza kuingia kwenye tundu dogo. Swali ni kama itakubali kupita.

Kinachoipitisha ni presha. Kwa kasi hiyo ya kupanda, hewa ikisimamishwa kabisa hutoa presha inayoweza kuinua maji kwenye mrija kwa sentimita 16 tu. Huo ndio mtaji wako wote. Ukifika kwenye mwendo wa safari wa kilomita 315 kwa saa unapata sentimita 47, karibu mara tatu, na hapo kila ndege hupoa, hata iliyojengwa ovyo. Kipimo cha kazi yako ni ule wakati wa kupanda: nguvu zote, mwendo mdogo, pua juu.

Mtaji huo mdogo hupotea kwa urahisi. Hewa iliyoingia kwa mita 51 kwa sekunde haina budi kupunguzwa mwendo kabla ya kugusa rejeta, ili mwendo wake ugeuke presha. Inapunguzwa kwa kupanua njia polepole. Ukipanua ghafla, kama wanavyofanya wanaounganisha tundu dogo na rejeta kubwa kwa boksi fupi la fiberglasi, hewa huachana na kuta, hupiga katikati ya rejeta na kujizungusha pembeni. Unadhani una rejeta nzima, kumbe inayofanya kazi ni nusu. Dietrich Küchemann na Johanna Weber walilieleza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1953, na umbo la mfereji walilolichora, lenye kuta zinazokwenda karibu sambamba kisha kufunguka kwa mkunjo mbele ya rejeta, bado ndilo wajenzi makini wanalolinakili. Linafaa hasa pale ambapo nafasi ni finyu, na chini ya boneti nafasi ni finyu daima.

Kuna jina jingine ambalo halikosekani katika mazungumzo haya: F. W. Meredith, mhandisi wa Farnborough, Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1935 kwamba joto la rejeta likitumiwa vizuri ndani ya mfereji linaweza kurudisha msukumo badala ya kuongeza ukinzani. Mustang P-51 na lile tumbo lake lenye rejeta ndiyo mfano unaotajwa kila mara. Ni kweli, lakini Mustang ilikwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Kwa ndege ya viti viwili inayokwenda nusu ya mwendo huo, msukumo wa kurudishiwa ni mdogo mno kuuhangaikia. Chukua umbo la mfereji, achana na ndoto ya kupata nguvu za bure.

Nikiwa na jambo moja la kumshikia mjenzi shati, ni hili: pima presha kabla hujakata chochote. Vifaa ni mrija wa plastiki uliokunjwa umbo la U wenye maji ya rangi, au geji kuukuu ya mwendo wa ndege kutoka dukani kwa vyuma chakavu. Pitisha mrija mwembamba mmoja mbele ya rejeta na mwingine nyuma yake, yote iishie ndani kwa rubani. Panda kwa nguvu zote, soma. Mbele kukiwa juu na nyuma chini, hewa inapita, na kama bado unachemka ndipo una haki ya kuilaumu rejeta. Mbele kukiwa chini, mdomo au mfereji wako haugeuzi mwendo kuwa presha. Pande zote mbili zikiwa juu, hewa inaingia vizuri ila haitoki. Tatizo liko nyuma, kwenye tundu la kutokea, ambalo wengi hulisahau kwa kuwa halionekani mtu akiwa amesimama mbele ya ndege yake akiipiga picha. Hewa iliyopata moto imetanuka, kwa hiyo inahitaji mlango mpana zaidi wa kutokea, na mlango huo uwe mahali ambapo upepo wa nje unavuta, siyo mahali unaposukuma. Kibao cha kufungua wakati wa kupanda na kufunga wakati wa safari kina thamani kuliko kuongeza rejeta ya pili.

Halafu kuna upenyo. Nafasi ya upana wa kidole kuzunguka rejeta hutosha kuharibu kila kitu, kwani hewa haina wajibu wa kupita kwenye mapezi yenye ukinzani ikiwa kuna kichochoro cha bure pembeni. Mpira wa kuziba na silikoni ni vitu vya bei ndogo vinavyoshusha joto kuliko vifaa vya bei kubwa.

Kuhusu rejeta yenyewe, wajenzi wa Marekani waligundua zamani kwamba evaporeta za viyoyozi vya magari ya General Motors, zile za alumini zilizo nene, hufanya kazi nzuri kama rejeta, na gereji za magari mabovu zimejaa. Mbili hutosha ndege ndogo kama RV-4 au RV-6. Sababu yake ina mantiki: rejeta ya gari ni pana na nyembamba kwa kuwa gari hutembea polepole na halina mfereji, wakati ndege yenye mfereji mzuri inaweza kutumia rejeta nene yenye uso mdogo, ambayo hutumia vizuri zaidi kila kilo ya hewa iliyopita. Asiye na mfereji asiinunue. Itamchemsha kuliko ile ya gari.

Upande wa maji una mitego michache. Themostati ya 13B ina njia ya mkato: ukiitoa bila kuziba tundu lake, sehemu ya maji hurudi kwenye pampu bila kuiona rejeta. Hewa iliyonaswa sehemu ya juu ya injini huwa mvuke karibu na plagi, na sensa ikizungukwa na mvuke badala ya maji husoma chini, yaani inakupa habari njema wakati mambo yameharibika. Tangi la juu liwe juu kweli kweli, na kila mahali hewa inapoweza kujificha pawe na mrija mdogo wa kuitolea. Kifuniko cha presha nacho si pambo. Kwenye mita 3,000 maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 90, lakini kifuniko cha kilopaskali 90 huyasogeza hadi karibu 113. Ndiyo maana napendekeza geji ya presha ya maji kando ya ile ya joto. Mpira wa rejeta ukipasuka, presha itaanguka papo hapo, wakati geji ya joto bado inakudanganya.

Je, mtu hawezi kuvumilia dakika mbili tatu za kupanda, kisha apoe akifika juu? Tupige hesabu tena. Injini na maji yake vinahitaji kama kilojuli 85 kupanda nyuzi moja. Ukipungukiwa uwezo wa kupoza kwa kilowati 20 tu kati ya zile 110, joto linapanda nyuzi moja kila sekunde nne. Dakika mbili zinakupa nyuzi 30. Akiba hiyo haitoshi hata kuzunguka kiwanja. Wapo wanaonyunyiza maji juu ya rejeta wakati wa kupanda, mbinu ya ndege za mbio, na nguvu yake ni ya kweli: lita moja ikigeuka mvuke ndani ya dakika moja hubeba karibu kilowati 38. Ila ni mkongojo. Ndege inayohitaji ndoo ya maji ili iruke haijamalizika kujengwa. Lenye busara zaidi kwa rubani ni kushusha pua kidogo, kuongeza mwendo na kupunguza nguvu mapema. Presha hupanda kwa mraba wa mwendo, hivyo asilimia 10 ya mwendo inakupa asilimia 21 ya presha.

Vipi kuhusu joto la nje na mwinuko? Themostati ikishafunguka yote, maji hufuata hewa ya nje nyuzi kwa nyuzi. Ndege iliyopanda ikiwa na maji ya nyuzi 92 asubuhi ya nyuzi 15 itakuwa na 112 mchana wa nyuzi 35. Kwa hiyo matokeo mazuri ya majaribio ya mwezi wa Januari kule Wisconsin hayamwambii mtu kitu kuhusu Julai. Mwinuko una hadithi nyingine. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na mtu angetarajia balaa. Lakini injini isiyo na tabo nayo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kilekile, hivyo hutoa joto pungufu, na mambo hukaribia kulingana. Mwenye tabo ndiye aogope. Injini yake inatoa joto lote la usawa wa bahari huku hewa ya kulibeba imepungua.

Ndege za propela nyuma, kama Long-EZ na Cozy, ni kesi ngumu zaidi: zikiwa chini hakuna propela ya kuzipepea matundu, na yale matundu bapa ya NACA yanayopendeza macho humeza hewa iliyochoka inayotambaa juu ya ngozi ya ndege. Kwa hizo, kinywa kilichochomoza nje kidogo, mfano wa Mustang, ndicho jibu, hata kama kinaharibu sura.

Je, taabu yote hii ina faida? Ukijumlisha rejeta, kipozea oili, mipira, maji, mifereji na giaboksi, ule wepesi wa injini uliokuvutia mwanzoni unakaribia kurudi wote kwenye mizani. Anayetaka kuruka msimu ujao anunue Lycoming, alipe, aachane na haya. Anayependa kujenga kwa ajili ya kujenga atapata injini laini, isiyotetemeka, ambayo ikipozwa sawasawa huvumilia mengi, na ambayo hata ikiumia humrudisha mtu chini akiwa salama.

Huyo wa pili nina ombi moja kwake. Boneti yako usiipake rangi bado. Utaikata, utaiziba na kuikata tena, na mipaka yako iwe hii: oili isivuke nyuzi 100 kwa muda mrefu, maji yasivuke 105, ukipanda kwa nguvu zote mchana wa mwezi wenye jua kali kuliko yote mahali unaporukia. Siku utakapoyapata hayo mara kadhaa mfululizo, nenda kamtafute mpaka rangi.